Biro si familia? Nimesoma kitabu cha watu wa Chicago nikiwa Bukavu



Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja, finalisti wa informatiki, aliniandikia mangaribi: «Ya, baliniita ku staji kule kwenye ulikuwa natumika. Niende?» Niliandika jibu, nikafuta. Nikaandika lingine, nikafuta. Mwisho nikamwambia: «Nipe siku mbili.» Zile siku mbili zikawa majuma matatu, sababu badala ya kumjibu niliingia ndani ya kitabu, na kitabu kikanirudisha kwenye mambo nilikuwa nimeamua kusahau.

Kitabu kinaitwa It Doesn't Have to Be Crazy at Work. Kwa Kiswahili chetu ni kama kusema: kazini si lazima kuwe wazimu. Kilitoka mwaka wa 2018. Rafiki aliyesomea Kampala alinipa, akaniambia tu: «Soma, utacheka.» Nilikisoma na kamusi pembeni, sababu Kingereza changu mnakijua. Kweli nilicheka. Lakini kuna kurasa tatu ine nilizifunga kwa hasira, na ni juu ya zile kurasa ninaandika leo.

Waandishi ni wawili: Jason Fried, Mmarekani wa Chicago, na David Heinemeier Hansson, mtu wa Denmark. Kampuni yao inaitwa 37signals. Ilianza mwaka wa 1999, ikitengenezea wengine saiti za intaneti. Mwaka wa 2004 wakatoa programu yao wenyewe, Basecamp, inayosaidia kikundi cha watu kufuata kazi: nani anafanya nini, imefika wapi, makaratasi yako wapi. Wakati ule Hansson alikuwa angali mwanafunzi Copenhagen, na kazi ile alikuwa anaipa masaa 10 hivi kwa juma. Kutoka ndani ya kode ile alichomoa Ruby on Rails, akaigawia dunia bure mwaka ule ule. Wale mliosoma mambo ya saiti mnajua kwamba GitHub na Shopify zilijengwa juu yake. Na kitabu hiki kilipotoka, kampuni ilikuwa na watu wanaopita 50 kidogo tu, wametawanyika katika miji mingi. Yaani si Google. Ni kampuni ndogo, na inapenda kubaki ndogo.

Njo maana niliona inatuhusu. Vitabu vingi vya watu wa informatiki vinakufundisha namna ya kuwa Bill Gates. Hiki kinakufundisha namna ya kurudi nyumbani saa kumi na moja jioni.

Wanasema nini? Sura ni fupi fupi, kurasa mbili tatu, na wanaongea kama watu wanaokutania ku meza. Wanasema masaa 40 kwa juma yanatosha, na katika miezi ya joto wao wanatumika 32. Wanasema mikutano inakula siku ya watu. Wanasema mtu akikuandikia, si lazima umujibu palepale, sababu kichwa kinachokatwakatwa kila dakika kumi hakitengenezi kitu. Kazi wanaigawa kwa vipindi vya majuma sita. Isipoisha, wanapunguza kazi, hawaongezi usiku. Mtu akiondoka, wote wanaelezwa sababu gani ameondoka, ili uvumi usizunguke. Na mshahara hawabishani: wote wenye kazi moja na kiwango kimoja wanalipwa sawa, na hesabu inafuata bei za San Francisco, hata kama wewe unaishi pengine kabisa.

Ile ya mwisho someni tena pole pole. Mimi niliposoma, niliweka kitabu chini nikatoka inje kupata hewa.

Sasa niwaambie nilikotoka mimi. Kampuni sitaitaja, na tafadhali hata wale mnaoijua musiitaje. Tulikuwa saba ndani ya chumba kimoja, upande wa Nyawera: bosi, dada wa hesabu, watengeneza programu watatu, na stajieri wawili waliokuwa wanabadilika kila miezi sita. Tulikuwa tunatengeneza programu za shule, za farmasi, za vituo vya afya, na pengine shirika linatupa kazi ya kupanga data zao. Nilikaa miezi 14. Sikuwa na mkataba wa karatasi. Nilikuwa na «transpoti», kiisha transpoti ikawa «tutaona», kiisha tutaona ikawa «tuvumiliane».

Bosi wetu hakuwa mtu mubaya. Ninaandika hivi makusudi, sababu ku page yetu hapa tunapenda sana hadithi ya bosi mubaya na kijana mzuri, na hadithi ile ni rahisi mno. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye akili, aliyeuza kiwanja cha baba yake ili anunue mashini za kwanza. Lakini alikuwa na neno moja. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mtu akianza kufunga mashini yake, atasema: «Batoto, siye tuko familia. Familia haihesabiake masaa.»

Na siye tulikuwa tunafungua mashini tena.

Hapa kitabu kilinikamata shati. Kuna sura nzima inayosema: sisi si familia. Maneno yao, nikiyafupisha, ni haya: bosi anayeita kampuni familia, mara nyingi anakuomba ujitoe kama mwana, lakini siku ya hasara atakutoa kama mgeni. Familia kweli iko nyumbani inakungojea, na kampuni nzuri ni ile inayokuacha uende kuiona. Niliposoma hivyo nilipiga mkono ku meza. Nilikumbuka usiku mmoja ambao sijawahi kuusimulia.

Tulikuwa na shule moja, ina watoto wengi, inataka programu ya kufuata malipo. Tulipaswa kuikabidhi siku ya kwanza asubuhi. Siku ya posho tulilala biro. Siku ya Mungu tena. Delestaje ilianza mangaribi, jenereta ikaishiwa mafuta karibu saa tisa ya usiku, mashini ikazima katikati ya kazi. Umeme uliporudi, mimi njo nilikuwa macho, kama tunaweza kuita ile macho. Nilirudisha data kutoka kwenye kopi niliyodhani ni ya jana. Ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Sikuona. Tulikabidhi asubuhi, tukapigiwa makofi, bosi akatununulia chai na mandazi.

Siku iliyofuata shule ilitoa liste ya wasiolipa kutoka kwenye programu yetu, ikafukuza watoto. Watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelipa. Mama mmoja alikuja na risiti yake imekunjwa ndani ya kitenge, akasimama ku mlango wa biro yetu, wala hakupiga kelele. Alikuwa anatuonyesha tu ile karatasi, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto aliyepotea.

Waandishi wa Chicago wanasema usingizi ni sehemu ya kazi. Sheria yetu ya kazi ya mwaka wa 2002 nayo ina hesabu yake: masaa 45 kwa juma. Mimi nilikuwa ninafikiri masaa ni jambo la faida ya mfanyakazi peke yake, kujionea huruma. Yule mama alinifundisha kwamba usiku wa kwetu, kuna mtu mwingine anayeulipa. Upande huu, kitabu kina haki kabisa, na ningetaka kila bosi wa mji huu akisome akiwa ameketi.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapa. Kitabu kina kasoro, na ya kwanza ni hii: kinaongea juu ya utulivu kama vile ni tabia. Kama vile bosi akiamua leo kutulia, kesho biro itatulia.

Kuna sura moja ambayo watu hawaiongelei, na kwangu njo ufunguo wa kitabu kizima. Wanaeleza bei ya Basecamp: wakati ule dola 99 kwa mwezi, bei ni moja, uwe na watu 5 ao watu 5.000. Wanajua kwamba kampuni kubwa ingeweza kuwalipa mara mia ya hiyo. Wanakataa kwa makusudi, ili asipatikane kiliya mmoja mwenye nguvu ya kuwaamuru. Kila kiliya analipa kidogo, kwa karte, kila mwezi, bila kukumbushwa. Kiliya mmoja akikasirika akienda, hakuna anayekosa chakula.

Sasa linganisha. Siye tulikuwa na wakiliya watatu wa kweli. Shirika moja lilikuwa karibu nusu ya mwaka wetu. Likisema «tunaitaka kesho», bosi angejibu nini? Angesoma sura ya kitabu kwa simu? Na kiliya wa kwetu halipi kila mwezi. Analipa mara moja, kwa sehemu, amechelewa, kiisha anakuita miaka mitatu kurekebisha bure sababu «si njo beye mulitengeneza?» Kelele ya bosi wetu haikutoka ndani ya moyo wake peke yake. Ilitoka kwenye hesabu: wakiliya watatu, mafuta ya jenereta, mega za intaneti, kodi ya nyumba kwa dola. Watu wa Chicago wamenunua utulivu wao kwa maelfu ya wakiliya wadogo. Wanasema hivyo wenyewe, lakini katika sura moja fupi, na mahali pengine pote wanaandika kama vile utulivu ni hekima tu. Tena Jeff Bezos alinunua sehemu ya hisa zao mwaka wa 2006. Mtu mwenye Bezos nyuma yake ni rahisi kumfundisha jirani kupumua pole pole.

Simaanishi kwamba bosi wetu hana kosa. Ninamaanisha kwamba ukitaka kujua kama kampuni ndogo itakula usiku wako, usiangalie tu kama bosi anacheka. Uliza wakiliya ni wangapi, na nani kati yao akikohoa biro nzima inaugua.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi kwangu kuandika.

Nilikuwa na miezi tisa kule wakati baba yangu alipofariki. Bosi alifunga biro siku tatu. Bote balikuja. Stajieri walibeba viti. Dada wa hesabu alipika pamoja na mama zangu wadogo, usiku mzima, macho yamejaa moshi. Na sanduku, mwenye kulinunua ni bosi. Hakuniambia. Nilijua kutoka kwa mjomba, siku ya kutoa shukrani, mjomba alipotaja jina lake mbele ya watu na yeye akaangalia chini.

Wakati ule kampuni ilikuwa inanidai? Hapana. Mimi njo nilikuwa ninaidai, mishahara ya miezi miwili. Ilipofika siku ya kuondoka kwangu ilikuwa minne.

Sasa mniambie, nyinyi mliosoma haki na mliosoma ekonomi: unamwendeaje mtu aliyenunua sanduku la baba yako, ukamwambia nilipe miezi yangu mine? Kwa mdomo gani? Nilijaribu mara moja. Niliingia, akaniuliza: «Na mama, anaendelea namna gani?» Nikasema anaendelea vizuri. Nikatoka.

Fried na Hansson wangesema: unaona, njo maana tunasema kampuni isijiite familia. Na kwa sehemu moja wana haki. Neno lile lilinifunga kinywa. Lakini hawajui kitu kimoja. Kwa kwao, mtu akifiwa, kuna likizo iliyoandikwa, kuna bima, kuna akiba ku banki. Sheria na karatasi zinafanya kazi ambayo kwa kwetu inafanywa na watu wenye viti vya plastiki. Ukiniambia biro si familia, na nje ya biro hakuna kitu kingine kinachoshika mtu akianguka, umeniambia nini? Umeniambia nianguke peke yangu, lakini kwa ustaarabu.

Nimezungusha jambo hili majuma yote matatu, na jibu nililofikia halimo ndani ya kitabu. Nadhani kosa halikuwa katika kuwa familia. Kosa lilikuwa katika kuwa na daftari moja. Bosi wetu aliandika mapendo na mshahara ndani ya daftari moja, na sanduku likafuta miezi mine. Mimi pia niliandika humo humo, sababu nilikubali kwamba imefutika. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Mtu anaweza kuwa ndugu yako na anakudai ng'ombe, na anakuja ku matanga yako analia machozi ya kweli, na ng'ombe bado anadaiwa. Mapendo iko na daftari yake. Kazi iko na yake. Moja haifute ingine.

Wanayo sura nyingine nzuri pale, ya batiri ya kuaminiana. Mfano wameuchukua kwa Tobi Lütke wa Shopify: kati ya watu wawili wanaotumika pamoja kuna kama batiri, inaanza nusu, na kila tendo linaipandisha ao kuishusha. Mfano mzuri, hasa kwa watu wa delestaje kama siye. Lakini kwangu mimi na bosi kulikuwa batiri mbili, moja imejaa kabisa na ingine iko ku sifuri. Kitabu kinajua moja tu.

Sasa nifike kwenye jambo la tatu, ambalo halimo ndani ya kitabu sababu lilitokea baadaye. Huwezi kusifu kitabu cha mwaka wa 2018 bila kusema kampuni ile ilifanya nini mwaka wa 2021.

Tarehe 26 mwezi wa ine mwaka wa 2021, Fried alitangaza mabadiliko: ndani ya vyombo vya kazi vya kampuni, hakuna tena mazungumzo ya siasa na mambo ya jamii, kamati zimefutwa, maamuzi ya zamani yasizungushwe tena. Kwa mtu wa inje inaonekana kama jambo dogo la utaratibu. Lakini mwandishi wa habari Casey Newton alieleza kilichokuwa nyuma yake. Kwa miaka mingi, watu wa huduma kwa wakiliya walikuwa wameweka liste ya majina ya wakiliya waliyoona yanachekesha. Mengi yalikuwa ya Wazungu, lakini mengine yalikuwa ya Asia na ya Afrika. Wafanyakazi wengine walipotaka liste ile iongelewe, mmoja akaonyesha mchoro unaosema kwamba chuki kubwa, hata mauaji ya kabila zima, inajengwa juu ya mambo madogo kama mzaha. Hansson alikubali kwamba liste ilikuwa kosa. Lakini kuiweka ndani ya mchoro ule, aliona ni kuzidisha. Mabishano yakapanda, kiisha mlango ukafungwa. Asiyekubali alipewa nafasi ya kuondoka na mshahara wa hadi miezi sita. Karibu sehemu moja ya tatu ya kampuni iliondoka, ndani ya siku chache, kati ya watu 60 hivi.

Kampuni tulivu. Kitabu cha utulivu.

Niliposoma habari ile, nilianza kuandika aya kali sana juu ya Wazungu wanaocheka majina yetu. Nilikuwa nimefika katikati nikaacha. Sababu na siye tulikuwa na liste.

Ilikuwa ku groupe ya WhatsApp ya biro. Tulipokuwa tunaingiza majina ya wagonjwa wa kituo cha afya kimoja cha mbali, watu wa mlimani, kila jina lililotuchekesha tulikuwa tunalitupa mule. Mnajua majina yetu ya Kivu. Mtu anazaliwa wakati wa taabu, anaitwa Taabu. Anazaliwa baada ya kilio, anaitwa Mateso. Na mengine ya kijiji, marefu, ambayo mtu wa mji anayasoma kama mtu anayetafuna mfupa. Mimi njo nilikuwa bingwa. Ninaweka jina, ninaweka na maneno, watu wanaweka uso wa kulia kwa kicheko. Mapumziko yetu ya usiku ilikuwa ile.

Siku moja nilitupa jina, na hakuna aliyecheka haraka, kiisha mmoja wa stajieri, kijana aliyetoka upande ule ule, mwenye kunyamaza sana, akaandika: «Ya, ile njo jina ya mama yangu.» Si mama yake yeye aliyekuwa ku liste. Ni jina tu, sawasawa. Hakuongeza neno. Mimi niliandika «pole mdogo, ni mzaha», nikaweka kikatuni. Kesho yake akaja kazini kama kawaida. Baada ya juma mbili hakuja tena. Bosi alisema amepata pengine. Siye tulikubali, sababu ilikuwa rahisi.

Kwa Chicago jina linaweza kuwa sauti tu. Kwetu jina linasema kabila, linasema mlima, na katika jimbo letu kuna siku ambapo mtu ameulizwa jina ku njia na jibu lake likaamua kama atafika nyumbani. Sitaongeza hapo, nyote mnajua. Kwa hiyo kati ya Hansson na yule mfanyakazi aliyeonyesha mchoro, mimi kijana wa Bukavu niko upande wa mfanyakazi, hata kama hakuna aliyeniuliza. Si kwamba kila mzaha unaua. Ni kwamba mtu anayekwambia «ile ni jina ya mama yangu» amekupa nafasi, na bosi anayejibu «turudie kazi» ameitupa. Mimi sikuwa bosi, na niliitupa vilevile.

Hapa njo naona mwisho wa kile kitabu. Kinajua namna ya kulinda masaa ya mtu. Kinajua namna ya kunyamazisha simu, kufuta mikutano, kulinda saa ya kulala. Lakini utulivu wake ni wa kutosumbuliwa, na siku watu wake walipokuwa na jambo ambalo lazima lisumbue, kampuni ilichagua utulivu, ikapoteza watu. Biro yenye kimya si biro yenye amani. Yetu pia ilikuwa na kimya kizuri sana lile juma mbili kabla ya yule kijana kuondoka.

Kisomwe ao kisisomwe? Kisomwe. Kisomwe hasa na wale wanaotaka kufungua kampuni yao, na naona katika promo yetu ni wengi, sababu kazi ya kuajiriwa hatuioni. Wasiokuwa na franga ya kukinunua, wajue kwamba vitabu vingine viwili vya kampuni ile, Getting Real na Shape Up, vinasomwa bure ku intaneti. Chukueni ndani yake masaa, mikutano, mshahara usiobishaniwa, na ile sura ya bei. Lakini musikisome kama Biblia. Mahali kinasema «si familia», andikeni pembeni: daftari mbili. Mahali kinasema «tulieni», andikeni: wakiliya ni wangapi? Na ku ukurasa wa mwisho, mweupe, andikeni 2021.

Sasa mdogo wangu, samahani kwa kukungojesha. Jibu langu ni hili. Nenda, staji unaihitaji, na kule utajifunza kazi kweli, mimi nilijifunza. Lakini mbele ya kuingia omba karatasi, hata ukurasa mmoja, yenye siku, masaa na kiasi cha transpoti. Wakikuambia familia haiandikiane karatasi, wajibu kwa heshima kwamba hata ndoa iko na karatasi. Uliza wakiliya ni wangapi. Na siku za kwanza, usiangalie mashini wala viti. Sikiliza namna wanavyotaja jina la kiliya wakiisha kukata simu. Pale utajua yote.

Na mimi, ili nisiwe mwalimu wa wengine tu, nimefanya mambo mawili juma hili. Nimetafuta namba ya yule stajieri, nimemwandikia bila kikatuni. Amejibu «asante ya», maneno mawili, sijui nizipime namna gani. Kiisha nimemwandikia bosi. Nimemshukuru kwa sanduku la baba, kwa maneno kamili, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nikaacha mstari mmoja mtupu. Kiisha nikaandika miezi mine, na kiasi.

Ameona. Hajajibu bado.

Nyinyi wengine, mnaotumika ku biro ndogo ndogo za Goma, Bukavu, Uvira, Lubumbashi: kwenu daftari ni ngapi? Andikeni hapa chini. Majina ya kampuni muyaache.